Titaniamu, namba tatu na mwanya chini ya gasketi

Ukisoma tangazo la kuuza mabomba na fitingi za titaniamu, mara nyingi utaikuta namba hii mahali fulani juu juu: 1,668. Hilo ndilo joto, kwa nyuzi za Selsiasi, ambalo titaniamu huyeyukia. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, na chuma cha kawaida karibu 1,500. Basi msomaji anatoka pale akiamini kwamba amepata bomba la kupitisha chochote, hata moto wenyewe.

Halafu anafungua kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, zinazohusu vyombo vya shinikizo, na anakuta kwamba titaniamu safi hairuhusiwi kutumika juu ya nyuzi 316. Anashangaa, kwa sababu chuma cha kawaida, kile cha bei nafuu kabisa, kinaruhusiwa kupita hapo bila shida. Akiendelea kusoma mpaka sura za maji ya chumvi ya moto, anakutana na namba ya tatu, nayo ndiyo inayouma zaidi: kuanzia karibu nyuzi 70 au 80, flanji ya titaniamu inaweza kuanza kuliwa mahali ambapo huioni. Nyuzi 80 ni joto la chai iliyotoka kumiminwa!

Namba tatu, metali moja. Mimi mwenyewe nilipoziona mara ya kwanza nilidhani mmoja wa waandishi amekosea. Hakuna aliyekosea. Kila namba inajibu swali tofauti, na ilichukua zaidi ya nusu karne, hasara kubwa na angalau kifo kimoja, mpaka watu wakajua kuyatofautisha maswali hayo.

Tuanze na mchanga. Mwaka 1791 William Gregor, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa na mapenzi makubwa na kemia, alichunguza mchanga mweusi wa kijito cha Manaccan, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mchanga ule ulivutwa na sumaku. Gregor aliondoa chuma kilichokuwamo akabaki na oksidi ya kitu ambacho hakuna kitabu kilichokitaja. Miaka minne baadaye Martin Heinrich Klaproth, mkemia wa Berlin, alikuta kitu hichohicho ndani ya madini ya rutili, akakipa jina la Watitani, yale majitu ya hadithi za Kigiriki. Jina halikutokana na nguvu yoyote aliyoiona. Hakuwahi kuishika metali yenyewe, na wala mtu yeyote hangeishika ikiwa safi kwa miaka mia moja na zaidi.

Mchanga wa namna hiyo si mgeni kwetu, kwa njia. Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba ilmenaiti, rutili na zirkoni kwa takriban miaka kumi hadi mwisho wa 2024, ikisafirisha kupitia Likoni. Ila usidhani mchanga wote ule umekuwa mabomba na ndege. Zaidi ya tisa ya kumi ya madini ya titaniamu duniani huishia kuwa rangi nyeupe: ya ukutani, ya karatasi, ya plastiki, hata ya dawa ya meno. Metali ni sehemu ndogo tu iliyobaki.

Kwa nini metali ilichelewa hivyo? Kwa sababu titaniamu moto ina uchu. Inashika oksijeni, inashika naitrojeni, inashika kaboni, na ikishashika haiachii. Ukichoma madini ya chuma pamoja na makaa unapata chuma. Ukifanya hivyo kwa titaniamu unapata unga mgumu usio na faida kwa mhunzi. Hata naitrojeni, gesi ambayo kwenye maabara tunaitumia kama gesi ya amani isiyogombana na mtu, titaniamu inawaka ndani yake ikipashwa joto vya kutosha. Weka tabia hii akilini, maana kila tatizo la mabomba tutakalolikuta huko mbele linatoka hapa.

Mtu aliyefanikiwa kuitoa ikiwa safi ni Matthew Hunter, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi na General Electric na baadaye kufundisha Rensselaer Polytechnic Institute, katika jimbo la New York. Mwaka 1910 alifungia titaniamu tetrakloraidi na sodiamu ndani ya chombo kinene cha chuma, akaziba, akapasha moto. Alipata titaniamu safi kwa asilimia 99.9. Na hapa ndipo namba yetu ya kwanza ilipoanza kudanganya watu. Wakati ule kampuni za taa zilikuwa zinahangaika kutafuta uzi wa balbu, na iliaminika kwamba titaniamu ingeyeyuka kwenye joto la juu mno. Kwamba kazi nzima ilianza kwa ndoto ya taa! Metali ilipopatikana na kupimwa, ndoto ikaisha. Tangsteni inayeyuka kwenye nyuzi 3,422, zaidi ya mara mbili ya titaniamu. Balbu zikaenda na tangsteni, na titaniamu ikarudishwa rafuni.

Aliyeitoa rafuni ni Wilhelm Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, ambaye miaka ya 1930 alikuwa akifanya majaribio katika maabara yake mwenyewe. Badala ya sodiamu alitumia magnesiamu, na akafanya kazi ndani ya gesi ya argoni ili hewa isipate hata nafasi ya kuchungulia. Mwaka 1940, vita ikiwa mlangoni, alikimbilia Marekani, na hataza yake ilitolewa huko mwaka huohuo. Baadaye serikali ya Marekani iliishikilia kama mali ya raia wa nchi iliyo mikononi mwa adui. Unakimbia vita na ugunduzi wako mfukoni, kisha wenyeji wako wanauchukua! Kroll alienda kufanya kazi katika Ofisi ya Migodi ya Marekani, na njia yake ndiyo DuPont waliyoitumia mwaka 1948 kuanza kuuza metali hii kibiashara. Mpaka leo, sehemu kubwa ya titaniamu duniani inatengenezwa kwa njia ya Kroll: mafungu makubwa ndani ya chombo kilichofungwa, siku kadhaa kila fungu, na kinachotoka ni kama sifongo la kijivu ambalo lazima liyeyushwe tena ndani ya ombwe. Titaniamu ni elementi ya tisa kwa wingi katika gamba la dunia. Ughali wake hautokani na uhaba. Unatokana na ule uchu.

Walioichangamkia kwanza ni watu wa ndege. Aloi yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadiamu, iliyozaliwa Marekani katikati ya miaka ya 1950, ni nyepesi karibu nusu ya chuma na inabaki na nguvu kwenye joto ambalo alumini imeshalegea. Ndege ya upelelezi ya A-12 na ndugu yake SR-71 zilijengwa kwa titaniamu karibu yote, kwa sababu kwenye kasi ya zaidi ya mara tatu ya sauti ngozi ya ndege ilipita nyuzi 260. Hapo ndipo sifa ya "metali isiyoogopa joto" ilipopata mbawa, nayo haikuwa ya uongo. Ndege zile ziliruka.

Ila hata kule, kiwandani Burbank, California, titaniamu ilitoa onyo. Wahandisi wa Lockheed waligundua kwamba vipande vilivyounganishwa wakati wa kiangazi vilikufa mapema, na vilivyotengenezwa majira ya baridi vilidumu. Walitafuta sababu kila mahali. Kumbe ilikuwa maji. Wakati wa kiangazi mamlaka ya maji ilizidisha klorini kuzuia mwani, na vipande vilikuwa vinaoshwa kwa maji yaleyale ya bomba. Masalia ya klorini juu ya titaniamu, kisha joto, kisha mvutano: ufa. Dawa ilikuwa kuoshea maji yaliyosafishwa. Nasema onyo kwa sababu tatizo halikuwa joto peke yake, wala klorini peke yake. Yalikuwa yamekutana.

Sasa tuseme kidogo kuhusu ngozi, maana bila kuielewa hatuwezi kuendelea. Kipande cha titaniamu ulichokishika mkononi hakikugusi. Unachogusa ni utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Ukiukwaruza kwa msumari, metali iliyo wazi inanyakua oksijeni kutoka hewani au kwenye maji na kujifunika upya kabla hujapepesa jicho. Kutu ya chuma ni kama plasta mbovu, inabanduka na kuacha ukuta wazi. Utando wa titaniamu unang'ang'ania. Ndiyo maana maji ya bahari hayaifanyi kitu, na ndiyo maana madaktari wanaweza kuiacha ndani ya mfupa wa mtu maisha yake yote.

Joto linabadilisha mkataba huo. Kadiri joto linavyopanda, oksijeni haikai tena juu juu, inazama ndani ya metali. Ukikaa muda mrefu kwenye nyuzi 500 na kitu, sehemu ya juu inakuwa gamba gumu linalokatika kama kigae. Na kabla hata hujafika huko, nguvu yenyewe inashuka: kwenye nyuzi 316 titaniamu safi ina karibu nusu tu ya nguvu inayoruhusiwa kuhesabiwa ikiwa baridi, na ikibebeshwa mzigo muda mrefu inaanza kunyooka polepole, kama mpira wa zamani. Hiyo ndiyo namba ya pili. Haisemi lini bomba litayeyuka. Inasema mpaka wapi mhandisi anaweza kulala usingizi.

Mchomeleaji anaujua uchu huu kwa macho. Akiunganisha elbo na bomba la titaniamu, lazima amwage argoni mbele ya tochi, nyuma ya tochi na ndani ya bomba pia, mpaka kiungo kipoe. Kisha anasoma rangi. Ikiwa fedha, safi. Ikiwa ya majani makavu, bado inakubalika. Ikiwa buluu nzito, kijivu au unga mweupe, hewa imeingia, kiungo kimekuwa kigae, kata uanze upya. Nadhani ni miongoni mwa majaribio mazuri zaidi ya kemia yanayofanyika bila maabara.

Rudi kwenye historia. Mwaka 1957 jeshi la Marekani lilipunguza ndege za mabomu na kuegemea makombora, na soko la titaniamu likaporomoka. Viwanda vilivyokuwa vimejengwa kwa pesa nyingi vikabaki na sifongo isiyo na mnunuzi. Ikabidi watafute wateja wapya, na waliokuwa tayari kusikiliza ni watu wa viwanda vya kemikali, waliochoka kubadilisha mabomba kila mwaka. Kwa hiyo titaniamu iliingia kwenye mabomba ya viwandani kwa sehemu kubwa kama bidhaa iliyokosa ndege. Na sifa za ndege zikaja nayo.

Hata hivyo tayari kulikuwa na kaburi moja. Tarehe 29 Desemba 1953, katika kambi ya jeshi la anga ya Edwards, California, fundi wa maabara alikuwa akikagua vipande vya titaniamu vilivyolowekwa kwenye asidi ya naitriki nyekundu, ile inayofuka moshi, iliyotumika kama kioksidishi cha roketi. Bila dalili yoyote kipande kililipuka. Fundi yule akafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba asidi ile, ikiwa na maji kidogo mno, ilikuwa inapenya katikati ya punje za metali na kuacha unga laini wa titaniamu usio na ngozi. Unga huo, ndani ya kioksidishi, ni baruti. Ajabu ni kwamba asidi ya naitriki ya kawaida, yenye maji ya kutosha, hata ikichemka, titaniamu inaivumilia vizuri. Kosa lilikuwa kukosa maji.

Klorini ilifundisha somo hilohilo kwa mizani ya kiwanda kizima. Klorini inatengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na inatoka kwenye mtambo ikiwa na joto la nyuzi 80 hadi 90 hivi, imelowa mvuke. Klorini mbichi ya namna hiyo inakula chuma, inakula chuma kisichoshika kutu, inakula shaba. Zamani waliipitisha kwenye vyombo vya kauri na vioo, vilivyokuwa vinapasuka kila mara. Titaniamu ilipofika ilikuwa kama neema. Maji yaliyomo kwenye gesi yanaipa ngozi oksijeni ya kujitibu, na bomba linakaa miaka.

Kisha gesi inaoshwa kwa asidi ya sulfuriki ili ikauke. Na kuanzia pale, mita chache tu mbele kwenye mstari uleule, titaniamu ni hatari. Klorini kavu inaitoboa ngozi, hakuna maji ya kuishona, na metali inaungana na klorini kwa hasira mpaka inawaka, wakati mwingine bila hata kupashwa moto. Kinachotokea kinaitwa titaniamu tetrakloraidi, yaani kimiminika kilekile ambacho Hunter na Kroll walianza nacho. Bomba linarudi kuwa malighafi yake! Chuma cha kawaida ni kinyume kabisa: kinakufa kwenye klorini mbichi, kinatulia kwenye klorini kavu. Ndiyo maana katika kiwanda cha klorini kuna mahali maalumu, baada ya mnara wa kukaushia, ambapo mabomba yanabadilika kutoka titaniamu kwenda chuma. Fundi akiweka valvu ya titaniamu upande usio wake, kwa nia njema tu kwamba "hii ni bora zaidi", amepanda moto.

Na sasa kwenye fitingi, na ile namba ya tatu.

Bomba lenyewe ni refu, laini, na maji yanapita ndani yake kwa kasi. Maisha yake ni rahisi. Kazi iko kwenye maungio. Flanji ni zile sahani mbili za duara zenye matundu ya bolti zinazobanana, katikati yake pakiwa na gasketi ili maji yasivuje. Hata ukibana vipi, pale ukingo wa gasketi unapokutana na metali panabaki mwanya mwembamba kuliko unywele. Maji ya chumvi yanaingia pale na hayatoki. Katika miaka ya 1960, viwanda vilivyoanza kupitisha maji ya chumvi ya moto kwenye titaniamu vilifungua flanji na kukuta bomba linang'aa kama jipya, lakini uso wa flanji chini ya gasketi umeliwa mashimo.

Kinachotokea mle ndani ni hiki. Maji yaliyonaswa yanaishiwa oksijeni, maana ngozi imeitumia na hakuna mpya inayoingia. Metali kidogo inayeyuka. Ayoni za titaniamu haziwezi kukaa hivihivi kwenye maji, zinayapasua na kuacha asidi. Ili chaji zilingane, ayoni za klorini zilizoko nje zinavutwa kuingia. Asidi pamoja na klorini ni nini? Ni asidi ya haidrokloriki. Yaani nje ya gasketi kuna maji ya chumvi ya kawaida, na nusu sentimita ndani kuna kichupa kidogo cha asidi kali kilichojitengeneza chenyewe. Katika maji ya baridi mchakato huu ni wa polepole kiasi kwamba ngozi inashinda. Joto likipita nyuzi 70 au 80 mizani inaanza kugeuka, na kadiri chumvi inavyozidi na joto linavyopanda, ndivyo mwanya unavyoshinda.

Fundi anaweza kuongeza tatizo bila kujua. Gasketi za plastiki nyeupe ya PTFE, ambazo kila mtu anazipenda kwa kuwa hazishambuliwi na kitu, zinajulikana kuzidisha kuliwa kwa titaniamu namna hii. Bolti nazo zina hadithi yao: chuma kisichoshika kutu kinatanuka karibu mara mbili ya titaniamu. Mita moja ya titaniamu ikipanda joto nyuzi 100 inarefuka milimita 0.86 hivi, na ya chuma kile kama 1.7. Kwa hiyo bolti zilizokazwa vizuri asubuhi mtambo ukiwa baridi zinalegea kidogo mtambo ukichemka, na mwanya unapata pumzi.

Dawa ilikuwa imeshapatikana, na ilitoka mahali ambapo busara ya kawaida ingekukataza kwenda. Mwaka 1959 Milton Stern na Wissenberg wa Union Carbide walichapisha majaribio yao ya kuchanganya titaniamu na kiasi kidogo sana cha metali za thamani, kama platinamu na paladiamu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kwamba ukigusanisha metali ya kawaida na metali ya thamani ndani ya asidi, ile ya kawaida inaliwa haraka zaidi. Hivyo ndivyo zinki inavyolinda bati: inakufa kwanza. Stern na mwenzake waliona kinyume chake. Titaniamu iliyotiwa paladiamu kidogo, ikachemshwa ndani ya asidi ambayo kwa kawaida inaitafuna, ilikaa bila kudhurika sana.

Sababu yake ndiyo inayonifanya niipende hadithi hii. Ndani ya asidi, metali inayoliwa inaachia elektroni, na elektroni hizo zinatumika kuzalisha haidrojeni. Juu ya titaniamu yenyewe kazi hiyo ni ngumu, hivyo metali inabaki katika hali ya volti ya chini, na hali hiyo haitoshi kujenga ngozi. Juu ya chembe za paladiamu haidrojeni inatoka kwa urahisi mno. Elektroni zinaondoka kwa kasi, volti ya titaniamu inapanda, na kwa titaniamu kupanda volti maana yake ni kuvuka kizingiti ambapo oksidi inajijenga. Yaani paladiamu inaisukuma titaniamu iliwe haraka, mpaka haraka hiyo yenyewe inafunga mlango. Chuma kingekufa kwa msukumo huo. Titaniamu inavaa ngozi.

Kiasi kinachohitajika ni kama asilimia 0.15. Aloi hiyo leo inaitwa daraja la 7 katika viwango vya Marekani, na titaniamu safi ya kawaida ya mabomba ni daraja la 2. Na kwa kuwa mwanya chini ya gasketi si kitu kingine ila chupa ya asidi, dawa iliyopatikana kwenye asidi inayochemka ikawa dawa ya flanji pia. Flanji ya daraja la 7 inaweza kukaa kwenye maji ya chumvi yaliyopita nyuzi 200, mahali ambapo daraja la 2 lingetoboka.

Tatizo likawa bei, maana paladiamu ni metali ya sonara. Wahandisi wakaanza kubana matumizi, na sehemu hii naipitia haraka: miaka ya 1970 wakaja na daraja la 12, lenye nikeli asilimia 0.8 na molibdenamu 0.3, nafuu lakini lenye mpaka wa chini zaidi. Baadaye wakapunguza paladiamu, au wakaweka ruthenamu badala yake. Wengine waliona haina maana kutia paladiamu kwenye kilomita nzima ya bomba wakati ugonjwa uko kwenye uso wa flanji tu. Wakaacha bomba liwe daraja la 2, na flanji, au hata uso wa flanji peke yake, ukawa wa daraja la 7. Kwangu mimi huo ndio uhandisi wa akili kuliko aloi zote.

Kwa njia hiyo titaniamu imefika mahali ambapo miaka ya 1950 hakuna aliyeota. Katika mitambo ya Ghuba ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa kwa kuyachemsha hatua kwa hatua, mabomba membamba ya titaniamu yanakaa katika sehemu ambako gesi kali hukusanyika. Huko Murrin Murrin, Australia Magharibi, tangu 1999 madini ya nikeli yanapikwa na asidi ya sulfuriki kwenye nyuzi 250 hivi, ndani ya matangi ya chuma yaliyovishwa titaniamu kwa ndani. Asidi ya sulfuriki ya moto peke yake ingeila titaniamu. Kinachoiokoa ni chuma kilichomo kwenye madini yenyewe: ayoni zake zilizoyeyuka zinaisaidia ngozi kujijenga. Uchafu wa udongo ndio mlinzi! Ila mtambo unaopuliza oksijeni safi kwenye tangi la namna hiyo, kama wanavyofanya kwenye madini fulani ya dhahabu, unarudi kwenye hatari ileile ya zamani, kwa sababu mkwaruzo mmoja mahali penye oksijeni nyingi na shinikizo unaweza kuiwasha titaniamu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza fitingi ya titaniamu inastahimili joto kiasi gani, mrudishie maswali: kuna nini ndani ya bomba, kuna maji kiasi gani, kuna chumvi, gasketi ni ya nini, na flanji ni ya daraja gani. Swali la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana. Daraja la 2 na la 7 zina rangi moja, uzito mmoja na nguvu karibu sawa. Flanji mbili zikishafutika mhuri, hakuna fundi duniani, hata mwenye miaka arobaini kazini, anayeweza kuzitofautisha kwa kuziangalia au kuzigonga. Siku hizi mkaguzi anakuja na kifaa cha mkononi kama bastola kinachopiga eksirei, anakibandika kwenye flanji kwa sekunde chache, na kusubiri kioo kimwambie kama kuna paladiamu, 0.15 kwa mia, au hakuna.